Nyanya za Mlimani Zinashindana na Mvua

Leo twende kwenye kile kijishamba cha nyuma ya jiko, pale mama anapochuma dodo na sombe, tuzungumze habari za nyanya.

Maneno yangu yanawalenga zaidi watu wa juu katika wilaya yetu ya Kasese, kwenye miteremko ya Rwenzori: Ihandiro, Kitholhu, Kyondo, Mahango, Bwesumbu, na wote ambao saa mbili usiku hawaketi nje bila sweta. Watu wa chini, wa Kasese mjini, Bwera na Kisinga, msizime redio. Mna kazi yenu katika habari hii, na nitawafikia.

Ukipanda huko juu utasikia kauli moja karibu kila nyumba: huku nyanya hazikubali, baridi inazikataza. Kwa hiyo nyanya zinapanda mlima zikiwa ndani ya boksi, juu ya bodaboda, zikitoka tambarare. Zinafika zimepondeka, zina unga mweupe wa dawa mashavuni, na bei imekwisha kuongezwa nauli. Mama ananunua fungu dogo, nusu kwa leo, nusu kwa kesho. Na kijishamba chake kipo pale pale, kina udongo mweusi ambao mkulima wa tambarare angeutamani.

Mimi nasema baridi inasingiziwa. Baridi ya kwetu huichelewesha nyanya. Kinachoiua ni mvua, ambayo inaikuta bado shambani kwa sababu imechelewa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tukiyatenganisha tutajua pa kushika.

Tuanze na joto lenyewe. Nyanya hupenda mchana wa digrii 20 hadi 28 hivi, na usiku wa digrii 15 hadi 20. Usiku ukishuka chini ya digrii 13, chavua inadhoofika na maua mengi yanadondoka bila kushika tunda. Usiku wa joto kali nao hudondosha maua, kwa hiyo hata mtu wa tambarare, kule kwenye mashamba ya pamba ya Nyakatonzi, asidhani jua lake lote ni faida.

Sasa tupime nchi yetu. Kasese mjini na Bwera ziko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Margherita kiko mita 5,109, kwenye theluji. Ukipanda kutoka chini, kila mita 1,000 hukuondolea joto la digrii 6 hivi. Kasese mjini, ukichanganya mchana na usiku, wastani ni kama digrii 24. Basi mashamba ya juu kabisa, jirani na mpaka wa Mbuga ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, kwenye mita 2,000 hivi, yako kwenye digrii 18 hivi.

Digrii 18 hazizuii nyanya kuzaa. Kuna watu wanaolima nyanya katika nchi za baridi kuliko yetu maradufu. Huko Kanada, katika kituo cha utafiti cha Beaverlodge, jimbo la Alberta, watafiti walizalisha aina zilizoitwa Sub-Arctic kwa ajili ya watu wenye kiangazi kifupi mno. Marekani, mwaka 1984, James Baggett wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon alitoa nyanya iitwayo Oregon Spring, ambayo hushika matunda hata usiku unapokuwa wa baridi, na mengi ya mwanzo hayana mbegu kabisa. Watu hao wanashindana na sakitu, ule umande unaoganda na kuua mmea kwa usiku mmoja. Nyanya yao isipoiva kabla ya sakitu, imekwisha.

Sisi tuko kwenye ikweta. Mashamba yetu hayapati sakitu. Mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: nyanya ya kuiva mapema ni ya nini kwetu, wakati hakuna anayetufukuza? Yupo anayetufukuza. Naomba uchukue kalamu, au umwite kijana wa shule akuandikie, tupige hesabu ndogo.

Kwenye kopo la mbegu huandikwa siku za kuiva: 75, 80, au 55 kwa zile za mapema. Siku hizo kwa kawaida huhesabiwa tangu kupandikiza mche shambani, na ni siku za mahali penye joto. Nyanya haijui kalenda. Inachojua ni joto inalolikusanya. Wataalamu huchukua wastani wa joto la siku, wakatoa digrii 10, kwa sababu chini ya hapo nyanya haikui. Kinachobaki ndicho mmea ulichokusanya siku hiyo.

Chini, penye digrii 24, toa 10, unabaki na 14 kwa siku. Juu, penye digrii 18, toa 10, unabaki na 8. Aina ya siku 75 inahitaji mara 75 ya zile 14, yaani 1,050. Huko juu, ukikusanya 8 kwa siku, utaifikia 1,050 baada ya siku 131. Aina ya mapema, ya siku 55, inahitaji 770. Juu itazipata kwa siku 96 hivi.

Ni hesabu ya kukisia, wala isikufanye ugombane na mwenye duka. Lakini tazama inachotuonyesha. Chini, tofauti kati ya aina ya mapema na ya kawaida ni siku 20. Juu, tofauti ile ile imekuwa siku 35. Maana yake, mtu wa mlimani ndiye anayenufaika zaidi na mbegu ya mapema kuliko mtu wa Kasese mjini. Na wauzaji wengi wa mbegu wako Kasese mjini.

Sasa weka siku hizo kwenye majira yetu. Mvua zetu ni mbili: za Machi hadi Mei, na za Agosti hadi Novemba. Katikati kuna vipindi viwili vya ukavu, na kile cha Desemba hadi Februari ndicho kirefu. Tuseme umepandikiza tarehe 15 Novemba, mvua zikielekea mwisho, udongo una maji. Aina ya mapema inaanza kukupa nyanya nyekundu mnamo tarehe 19 Februari, jua likiwa bado linawaka. Aina ya kawaida inaanza mnamo tarehe 26 Machi. Na tarehe 26 Machi kwenye miteremko yetu, msikilizaji, wewe mwenyewe unajua hali inakuwaje: asubuhi ukungu, mchana mvua, jioni matope.

Hapo ndipo nyanya zinapokufa, na watu wanasema baridi imeziua.

Muuaji ana jina. Ni baka jani chelewa, ambalo wengi wetu tunaliita blaiti. Ni ugonjwa ule ule uliozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na hadi leo unashambulia viazi na nyanya kwa pamoja. Unapenda ubaridi wa digrii 15 hadi 20 na jani lililolowa kwa saa nyingi mfululizo. Tazama sifa hizo mbili, halafu tazama mteremko wa Rwenzori mwezi wa Aprili. Tumeutandikia kitanda.

Zitambue dalili zake mapema. Asubuhi, kabla umande haujakauka, geuza jani la chini. Utaona doa la kijani iliyokolea kama lililomwagiwa maji ya moto, na pembezoni mwake, upande wa chini wa jani, utando mweupe mwembamba. Jua likipanda utando huo unapotea na doa linageuka kahawia. Kwenye tunda bichi linatokea baka la kahawia, gumu, lenye mabonde mabonde. Hali ya hewa ikiubeba, shamba zima linaweza kuteketea katika wiki moja au mbili. Vumbi lake husafiri na upepo, kwa hiyo shamba la viazi la jirani linatosha kukuambukiza.

Basi lengo letu ni kuwa na nyanya nyekundu jikoni kabla ya jani kulowa. Na tufanyeje?

Kwanza, mbegu. Kwenye maduka yetu utakuta Cal J, Roma, Rio Grande, Money Maker, Marglobe, na Tengeru 97 iliyotoka kituo cha Tengeru karibu na Arusha, pamoja na chotara za kampuni mbalimbali. Usiulize tu ipi inazaa sana. Uliza ipi inawahi, kisha soma mwenyewe siku zilizoandikwa. Kwa kawaida aina fupi, zile zinazoacha kurefuka zenyewe na kuzaa kwa mkupuo, huwahi kuliko aina ndefu zinazopanda mti. Na zenye tunda dogo huwahi kuliko zenye tunda kubwa, maana tunda dogo halihitaji muda mrefu kujaa. Kwa hiyo vile vinyanya vidogo kama gololi, vinavyojiotea vyenyewe kando ya jaa, msividharau. Kwenye mchuzi vina utamu mkali, na mara nyingi vinaiva wakati nyanya kubwa bado inatafakari.

Kabla ya kutegemea mbegu, ijaribu. Hesabu mbegu kumi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali penye joto. Zikiota nane au tisa, endelea. Zikiota tatu, rudisha kopo dukani ukiwa na kitambaa chako mkononi. Mbegu bandia zimewaliza wakulima wa Uganda kwa miaka mingi, na kitambaa hicho ni ushahidi.

Pili, kitalu, na hapa ndipo ninapowaita watu wa chini. Mbegu ya nyanya kwenye udongo wa digrii 25 huota kwa wiki moja hivi. Kwenye udongo wa digrii 10 inaweza kukaa zaidi ya mwezi. Watu wa juu wanapoteza wiki nyingi kwenye kitalu kabla hata ya safari kuanza. Lakini nani kati yetu hana shangazi Bwera, au binamu Kisinga, au mtoto anayesoma Kasese mjini? Kitalu kiwekwe huko. Miche ikuzwe chini kwenye joto, kwenye viriba vile vya nailoni tunavyokuzia kahawa, kisha ipandishwe mlimani ikiwa na nguvu. Kahawa tunaisafirisha kila msimu kutoka juu kuja chini. Miche ya nyanya ipande kwa magari hayo hayo yanaporudi matupu.

Kuna sharti moja. Udongo wa kujaza viriba usitoke kwenye shamba lililowahi kuwa na nyanya, biringanya, pilipili, viazi au tumbaku. Tambarare kuna mnyauko wa bakteria, ugonjwa wa penye joto, ambao mmea unanyauka ghafla ukiwa bado kijani. Unasafiri na udongo. Usimtumie ndugu yako mlimani zawadi yenye maradhi. Tumia udongo wa msituni au wa chini ya migomba, changanya na samadi iliyooza vizuri.

Asiye na ndugu chini asikate tamaa. Weka trei au kibati chako karibu na mafiga, pale ukutani jikoni panapokaa na joto usiku kucha. Mbegu haihitaji mwanga mpaka iote. Ila siku unapoona shingo ya kwanza inainuka, itoe nje mara moja, la sivyo itarefuka nyembamba ikitafuta jua na haitakufaa. Ukitaka kupandikiza katikati ya Novemba, sia mwanzoni mwa Oktoba. Mche uwe na wiki sita hivi na shina nene kama kalamu ya risasi. Kabla ya kuupandikiza, uzoeshe: wiki moja uulaze nje, upunguze maji kidogo.

Tatu, mahali. Kwa ujumla mteremko wetu wa Kasese unatazama mashariki, na hiyo ni bahati kubwa. Jua la asubuhi linatupiga mapema, na mawingu ya mlima hukusanyika mchana na alasiri. Kwa nyanya, jua la asubuhi lina thamani kuliko la saa tisa, kwa sababu ndilo linalokausha umande. Amka asubuhi moja utazame ni wapi uani kwako mwanga unagusa kwanza. Panda hapo, hata kama itabidi uhamishe kamba ya kuanikia nguo.

Usipande kwenye kibonde cha chini. Usiku, hewa baridi ni nzito, hutiririka kufuata mteremko na kukusanyika bondeni. Mtu wa katikati ya mteremko ana usiku wa joto kuliko jirani yake aliye chini kidogo karibu na kijito. Na ukiwa na ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, panda mbele yake. Jiwe linakunywa jua mchana na kulitoa usiku. Mawe tumepewa ya kutosha. Mwaka 2013 na tena 2020 mto Nyamwamba ulitukumbusha kwamba mlima huu unaweza kuyashusha wenyewe. Kwa hiyo matuta yafuate usawa, yasishuke na mteremko.

Nitoe onyo kwa watu wa Kilembe na wa kando ya Nyamwamba. Mgodi wa shaba uliacha marundo ya mabaki yenye madini, na mto umekuwa ukiyamega kwa miaka. Bustani ya chakula isilimwe juu ya mabaki hayo wala kwenye mchanga uliotokana nayo. Kama huna mahali pengine, panda kwenye magunia yaliyojazwa udongo wa mbali na hapo.

Nne, kupandikiza. Nyanya ina tabia ambayo mimea mingi haina: shina lake likifukiwa linatoa mizizi. Kwa hiyo ondoa majani ya chini na ufukie shina mpaka karibu na majani ya juu. Huku kwenye baridi, usichimbe shimo refu. Chimba kifereji kifupi, ulaze mche ubavu, uinue kichwa. Udongo wa juu ndio wenye joto, na mizizi inafurahia. Mche na mche uachane nusu mita au zaidi, upepo upite.

Samadi ya mbuzi iliyooza ni nzuri, viganja viwili kwa kila mche. Ila usizidishe, wala usimwage urea ukidhani unaisaidia. Nyanya iliyolishwa nitrojeni nyingi inajaa majani, inasahau matunda, na mapema yote tuliyoyahesabu yanapotea. Majani yakigeuka zambarau upande wa chini siku za mwanzo, mara nyingi ni fosforasi: ipo kwenye udongo lakini mzizi wenye baridi unashindwa kuivuta. Ngoja jua, mmea utajirekebisha.

Tano, matunzo. Weka kijiti kila mmea na uufunge. Aina ndefu ipogolewe: yale machipukizi yanayotoka kwenye kwapa la jani yavunje kwa kidole yakiwa bado madogo, uache shina moja. Utapata matunda machache kuliko kuacha matawi yote, lakini yatawahi, nasi tunatafuta kuwahi. Aina fupi usiipogoe hivyo, utakata matunda yenyewe. Kwa aina zote, majani yanayogusa udongo yatoe, kisha tandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe matope.

Kiangazi kinahitaji maji, na wengi wetu juu tuna bomba la mserereko au kijito. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, kamwe usioshe majani. Mtu anayemwagilia nyanya juu juu saa kumi na mbili jioni anauita ugonjwa kwa jina.

Maua yakifunguka, fanya kazi hii ndogo. Saa nne au saa tano asubuhi, umande umekauka, gonga kijiti kwa kidole mara mbili tatu. Ukichungulia kwenye jua utaona unga mwembamba wa manjano ukidondoka. Ua la nyanya lina kiume na kike humo humo ndani, linahitaji kutikiswa tu. Nyuki wa asali huliendea kwa nadra, maana halina asali. Huku juu penye usiku wa baridi, kugonga huko kunaongeza matunda kwenye kishada cha kwanza, na kishada cha kwanza ndicho kinachoiva mapema.

Tuje kwenye mavuno, na hapa tunaweza kuokoa wiki nzima nyingine. Watu wengi wanasubiri nyanya iwe nyekundu kabisa mtini. Si lazima. Nyanya inapoonyesha doa la kwanza la rangi kwenye kitako, tayari imekamilika. Ichume, iweke jikoni mahali penye joto, ndani ya kikapu pamoja na ndizi mbivu. Ndizi inatoa hewa ya kuivisha, na nyanya inafuata. Jua halihitajiki kabisa. Joto ndilo linalohitajika, na jiko lako lina joto kuliko shamba lako.

Na mvua zikikuwahi, nyanya bado ni za kijani zote? Chukua moja, ikate katikati kwa kisu kikali, utazame mbegu. Kama kisu kimekata mbegu, tunda halijakomaa, halitaiva vizuri ndani. Kama mbegu zimeteleza pembeni ndani ya utelezi wake bila kukatwa, tunda limekomaa. Zote zinazolingana nalo kwa ukubwa na umri zichume siku hiyo hiyo, teua zisizo na baka, zipange kikapuni bila kubanana, na uzikague kila siku. Utakula nyanya wiki mbili tatu huku mvua inapiga bati.

Nawasikia wanaouliza: na msimu wa Juni na Julai? Kipindi hicho cha ukavu ni kifupi. Ukipandikiza tarehe 20 Mei huko juu kabisa, hata mbegu ya mapema inakufikisha tarehe 24 Agosti, na mvua zimekwisha kurudi. Kwa msimu huo nashauri mambo mawili. Mtu wa katikati ya mlima, kwenye mita 1,400 au 1,500, ana joto zaidi na anaweza kujaribu. Mtu wa juu ajenge paa: miti minne ya mkalitusi, nailoni angavu juu, pembeni pawe wazi. Kenya, kwenye nyanda za juu, watu wanajenga vibanda kitalu vya gharama kubwa. Kwa miche kumi ya nyumbani, paa la nailoni linatosha, kwa sababu linalotakiwa ni jani lisilowe.

Kuhusu dawa, nitasema kwa uwazi. Ule unga mweupe kwenye nyanya za sokoni aghalabu ni dawa ya ukungu, mankozebu, na hunyunyiziwa hata karibu na siku ya kuchuma kwa imani kwamba nyanya haitaoza njiani. Kila dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, na kipimo chake. Mwenye bustani ya nyumbani anayewahi kiangazi anaweza asiihitaji kabisa, au aihitaji mara chache. Ukilazimika, nyunyiza kabla ugonjwa haujaingia, vaa glavu na ufunike pua, na usichume mpaka siku zilizoandikwa zipite. Mmea ulioshikwa tayari ung'oe, uuchome au uufukie mbali. Usiutupe kwenye jaa. Na mahali ulipopanda nyanya mwaka huu, panda maharage, vitunguu au kabichi kwa miaka miwili mitatu.

Nimebakiwa na jambo moja, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Mbegu ya mapema inayofaa Ihandiro haitatoka Kanada wala Oregon. Tunaweza kuitengeneza wenyewe. Nyanya hujichavusha, kwa hiyo mtoto anafanana na mama, mradi usianze na chotara, ambayo watoto wake hutawanyika kila mmoja na sura yake. Februari, tembea bustanini. Tafuta mmea ulioivisha wa kwanza na bado una majani mazima. Utazame mmea, usivutwe na tunda moja kubwa. Ufunge uzi mwekundu, na mtu yeyote nyumbani asichume hapo. Matunda yake yakiiva kabisa, kamua mbegu kwenye kikombe na majimaji yake, acha siku mbili au tatu mpaka zichachuke, suuza, zinazoelea mwaga, zinazozama anika kivulini juu ya sahani. Zifunge kwenye karatasi, uandike mwaka na mahali. Ukifanya hivyo msimu baada ya msimu, utakuwa na nyanya iliyochaguliwa na mlima wako mwenyewe.

Kwa wakubwa wetu wa kilimo, kuanzia maafisa ugani wa kata hadi kituo cha utafiti cha Rwebitaba kule Fort Portal, nina ombi. Tuambieni mbegu kwa mwinuko. Mkulima wa mita 1,000 na wa mita 2,000 wote wanahesabiwa kuwa wa wilaya ya Kasese, lakini kwa nyanya wanaishi nchi mbili. Jaribio dogo la aina tano kwenye mashamba matatu, chini, katikati na juu, matokeo yakasomwa hapa redioni kwa Kiswahili na kwa Lhukonzo, lingemsaidia mama wa Kitholhu kuliko semina nyingi za hotelini.

Nanyi watu wa chini, jiandaeni kwa Oktoba. Atakayepigiwa simu na dada yake wa mlimani akiombwa kumkuzia miche ishirini, asiseme hana nafasi. Adai malipo yake mwezi wa Februari, kwa kikapu.